Maagizo kwa Aikande, Siku Mbili

Aikande, ufunguo uko kwa Kiwelu, fundi cherehani.
Mlango usukume kwa goti, taratibu,
na kabla hujaingia chungulia chini:
atakuwa kizingitini, amesimama kwa miguu miwili
kama karani wa mahakama anayekusomea mashtaka.
Usimwite nguchiro. Hilo ni jina la ukoo.
Mwenyewe anaitwa Gambuti,
kwa kuwa ndani ya gambuti ndimo alimofika,
siku walipochoma miwa kule Arusha Chini
na kaka yangu Ndekirwa akarudi mguu mmoja peku,
mkononi kiatu kinacholia.

Hakuzidi kiazi.
Maziwa nilimpa kwa bomba la sindano, tone kwa tone,
saa nane za usiku, umeme umekatika,
simu yenye tochi nimeing'ata kwa meno.
Sasa anakula kuliko mpangaji.

Asubuhi mpe dagaa walioloweshwa, wasio na chumvi.
Mchana maini ya kuku, vipande kama ukucha.
Yai ni Jumamosi, zima, usimpasulie:
atalikumbatia, ataupa ukuta mgongo,
atalirusha nyuma katikati ya miguu, pwaa!
Ndiyo sababu ukuta ule una ramani.
Usiisugue.
Ugali hapana. Akikutazama kwa huruma, bado hapana.
Mende atajitafutia, hiyo ni posho yake.

Atakung'ata. Usivute mkono,
mpulizie puani, ataachia.
Mchanga wa choo chake badilisha jioni,
umwage kwenye migomba,
na mgeni akija usiseme ananuka.
Ananuka, lakini usiseme.

Kung'uta viatu kabla hujavaa.
Uwazi wa mlango wa jikoni uzibe kwa gunia;
kuku wa Mama Shirima hupanda bei
kila mmoja akishakufa.
Na Julai hii, baridi ya mlima ikishuka hadi Pasua,
atakukwaruza kifundo cha mguu akitaka kulala.
Mpe sweta la kijani.
Lilikuwa la Naghenjwa, aliliacha kwenye kamba.

Nimekumbuka jambo jingine.
Usiache kitu kinachong'aa mezani.
Jumanne fundi alikuja kusogeza friji
na nyuma yake tukakuta duka:
vijiko saba, soksi zisizo na wenzake,
vifuniko vya soda, nusu ya kitana,
na saa ya marehemu mama, ile ya mkanda wa dhahabu,
imesimama saa tatu na dakika kumi,
imezungushiwa manyoya kama yai kiotani.

Saa ile ile, Aikande.
Ile niliyomwambia Naghenjwa aitoe.
Nilipekua begi lake mbele ya wapangaji,
nikakung'uta hata daftari lake la kwaya,
nikamnyima mshahara wa mwezi mzima,
nikampeleka stendi mwenyewe
kwa mwendo wa mtu mwenye haki.
Alisema neno moja tu:
"Mama Ndeshi, tafuta vizuri."

Kikulacho ki nguoni mwako, tumeambiwa tangu utotoni.
Hatukuambiwa ya yule anayelala
kwenye sweta la uliyemwonea,
akikoroma.

Kesho alfajiri napanda Usangi.
Saa nimeifunga kwenye leso.
Mshahara wake nimeuweka kwenye bahasha,
na juu ya mshahara sijui niweke nini.
Nimeelekezwa kwao ni baada ya mashine ya kusaga,
ukifika unauliza.
Maneno sijayapata. Kila ninalolipanga
linasimama kwa miguu miwili, linanitazama.

Wewe mtunze tu. Usimchape akiiba,
yeye hajui mali ya nani ni ya nani.
Jumapili nisipokuwa kwenye basi la mchana
mwongezee dagaa kidogo.
Na maji: kisahani cha bati,
siyo kile cha bluu, kile anakipindua.